Punguza maji kabla ya kuongeza taa

Msomaji mmoja wa Bukavu ameniandikia hivi: "Mwalimu, jambo. Nimenunua kamera ya mtumba, kasha lake la kuzuia maji, na flashi moja ya nje. Ina lenzi mbili, ile ya kawaida na nyingine ya makro, ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 60. Nimejaribu mara tatu ndani ya Ziwa Kivu, upande wa Nguba, kama mita nne chini, kwa pumzi yangu tu bila chupa ya hewa. Picha zote zimejaa nukta nyeupe, samaki wa mbele amepauka na nyuma yake ni giza. Mwezi wa kumi na moja nitakwenda Mafia, Tanzania, nisomee kuzamia na nipige picha za matumbawe. Nimeweka dola 300. Muuzaji ananishauri ninunue taa kubwa ya video ya lumeni 5,000. Ninunue?"

Dada yangu, usinunue. Na nikueleze kwa nini, maana neno hilo peke yake halitakufaa siku utakapokuwa Mafia na picha zinatoka vilevile.

Nimezitazama picha zako tatu kwa muda mrefu. Ile ya pili, ya samaki mdogo kando ya jiwe, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nukta nyeupe hazikutawanyika sawasawa: upande wa kulia ni chache, upande wa kushoto zimejazana kama unga wa muhogo uliomwagika, na zile za pembeni kabisa ni kubwa, za mviringo, hazina umbo kali. Flashi yako ilikuwa kushoto, tena karibu sana na lenzi, na kichwa chake kimeelekezwa moja kwa moja kwa samaki. Samaki mwenyewe ni mdogo ndani ya picha, hajafika hata robo ya upana wake. Kwa lenzi uliyotumia, hapo ulikuwa umesimama mita moja na nusu kutoka kwake, pengine zaidi.

Hayo mawili, mahali pa flashi na umbali wako, ndiyo yaliyoharibu picha. Nguvu ya taa haina kosa.

Umewahi kupanda pikipiki usiku milimani wakati ukungu umeshuka? Dereva akiwasha taa kubwa, barabara haionekani vizuri zaidi, bali mbele yenu panasimama ukuta mweupe. Mwanga unagonga matone ya ukungu yaliyo mita mbili mbele ya taa na kurudi machoni kabla haujafika barabarani. Maji ya ziwa, na ya bahari pia, yana chembe zake: mchanga, vijimea, vijidudu, vumbi la matumbawe. Mwanga unaotoka karibu na lenzi unazigonga chembe hizo usoni, nazo zinaurudisha palepale ulipotoka. Hizo ndizo nukta zako.

Sasa ongeza taa tuone. Mwanga ukienda umbali mara mbili, unabaki robo yake, hiyo ni hewani. Ndani ya maji ni vibaya zaidi, kwa sababu maji yenyewe yanakula mwanga njiani. Kwa hiyo ili kumwangaza samaki aliye mita moja na nusu sawa na aliye sentimita 75, utahitaji nguvu zaidi ya mara nne. Lakini chembe iliyo sentimita 20 mbele ya flashi haikusogea. Nayo itapokea nguvu hiyo mara nne, yote. Samaki atang'aa kidogo, nukta zitawaka kama nyota. Ukipunguza umbali kwa nusu badala yake, unapunguza na maji yaliyo katikati kwa nusu, na chembe zilizomo zinapungua kwa nusu. Ndiyo maana wapiga picha wa matumbawe, kabla ya kugusa kitufe chochote cha taa, wanasogea. Wakidhani wamefika, wanasogea tena.

Fanya jaribio hili nyumbani usiku umeme ukikatika, usisubiri Mafia. Chukua chupa kubwa ya kioo isiyo na rangi, ijaze maji safi, utie matone matatu manne ya maziwa ukoroge. Nyuma ya chupa, ukiigusa kabisa, weka kitu chenye rangi: limau, kizibo, kipande cha kitenge. Washa tochi ukiishika sambamba na kamera ya simu, upige picha. Utaona ukungu. Sasa ipeleke tochi mkono wa kushoto mbali, iangaze kwa ubavu, upige tena. Kisha fanya la tatu, ambalo watu wengi hawaliamini mpaka walione: igeuze tochi kidogo nje, ili kile kitu kiguswe na ukingo tu wa mwanga, si kiini chake. Ukungu ulio mbele ya lenzi utapungua sana na rangi itabaki. Umeacha pembetatu ya maji yenye giza kati ya lenzi na kitu. Chembe zimo humo bado, lakini hazina mwanga wa kurudisha. Hiyo pembetatu ndiyo kazi yote ya flashi chini ya maji. Mikono mirefu ya chuma unayoiona kwenye kamera za wazamiaji, yenye viungo kama miguu ya kaa, ipo kwa ajili yake.

Wavuvi wetu wa sambaza, wale dagaa wa Kivu, wanajua jambo jingine kuhusu mwanga na maji. Usiku usio na mbalamwezi wanakwenda na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanawasha taa juu ya maji na kungoja. Vijidudu vinakusanyika kwenye mwanga, sambaza wanafuata vijidudu, wavu unanyanyuliwa. Sasa fikiria wewe na taa ya lumeni 5,000 inayowaka bila kuzimika. Ukikaa dakika mbili mahali pamoja usiku, utakuwa umewasha taa ya sambaza mbele ya lenzi yako: vijidudu vinakuja kwa mamia, vinacheza katikati yako na tumbawe. Nimeyaona hayo mwenyewe. Flashi inawaka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha giza. Haiiti mtu. Tena muda huo mfupi unamgandisha samaki anayekimbia, wakati taa ya video, hata hiyo yenye tarakimu kubwa kwenye boksi, itakulazimisha kuiacha shata, pazia la kamera linalopitisha mwanga, wazi kwa muda mrefu na samaki atatoka na mkia wa ukungu. Taa ya video ni ya video. Kwa picha, unahitaji tochi ndogo tu ya kuisaidia kamera kuona inapolenga, na ikiwa na mwanga mwekundu ni bora zaidi, kwa sababu samaki wengi wa miambani hawauoni vizuri huo wekundu.

Tuje kwenye rangi, maana hiyo ndiyo sababu ya kubeba flashi mpaka kwenye matumbawe. Maji yanaanza kula rangi nyekundu. Katika bahari safi, kufika mita tano au sita sehemu kubwa ya wekundu imekwisha, halafu rangi ya machungwa inafuata, kisha njano, mpaka inabaki buluu. Mwaka fulani nilifunga ukanda wa kitenge, mwekundu wenye maua ya njano, kwenye jiwe la lava hapa Goma, nikaushusha nalo kwa kamba. Mita moja, bado ni kitenge. Mita tano, wekundu umekuwa rangi ya chai iliyochacha. Mita kumi, maua nayaona, lakini kitambaa chenyewe ni cheusi kama jiwe lililokibeba. Nikaiwasha flashi kutoka sentimita 40, na kwenye kioo cha kamera kitenge kikarudi chote, kama siku nilipokinunua sokoni. Nilishtuka, na hadi leo sijaizoea furaha ile.

Lakini kumbuka jambo moja ambalo wengi wanalisahau: mwanga wa flashi nao unasafiri ndani ya maji. Unakwenda mpaka kwa samaki, unarudi mpaka kwenye lenzi. Samaki aliye mita moja, safari ni mita mbili. Aliye mita mbili, safari ni mita nne, na wekundu umeanza kuliwa tena, safari hii kutoka kwenye mwanga wako mwenyewe. Mimi najiwekea sheria: zaidi ya mita moja, naizima flashi, au nasogea. Kwa makro sizidi sentimita 30.

Hata wale waliokuwa na nguvu nyingi kupita sisi walibanwa na sheria hiyo. Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya maji huko Banyuls-sur-Mer tangu 1893, akitumia magnesi iliyowaka ndani ya chombo cha oksijeni. Mwaka 1926, huko Dry Tortugas, Florida, William Longley, mwanasayansi wa samaki, na Charles Martin, mpiga picha wa National Geographic, walipata picha za kwanza za rangi chini ya maji. Walitumia chelezo kilichobeba unga wa magnesi juu ya maji, ukalipuka kama radi. Unga huo ulimlipukia Longley kabla ya wakati, akaungua vibaya. Na pamoja na mlipuko wote huo, picha zao ni za samaki waliokuwa karibu, kwenye maji mafupi.

Basi utafanya nini Mafia na flashi yako moja? Utafanya makro, tena kwa furaha. Lenzi yako ya milimita 60 ni mali, wala sielewi kwa nini hukuitumia ziwani. Kwenye matumbawe, vitu vingi vya ajabu havizidi kidole: kaa wadogo wanaojificha kati ya matawi, konokono wa baharini wasio na gamba wenye rangi kama za kanga, yule samaki mdogo wa rangi ya machungwa anayeishi ndani ya minyiri ya anemoni. Anza na tundu la lenzi kwenye f/11 au f/14 (namba ikikua, tundu linapungua), shata 1/160 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, flashi robo ya nguvu yake. Iweke flashi juu kushoto, kama mkono wa saa kwenye kumi, karibu na ncha ya kasha lakini nyuma yake kidogo, ikitazama chini. Samaki na matumbawe yamezoea jua kutoka juu, kwa hiyo kivuli kikianguka chini jicho la mtazamaji halishtuki. Ukitaka kuonyesha jinsi ngozi ya tumbawe ilivyo, vile vikombe vidogo vidogo ambamo kila polipu, kile kiumbe kidogo laini cha tumbawe, hukaa, ishushe flashi ubavuni kabisa, mkono wa saa kwenye tisa. Kila kikombe kitapata kivuli chake. Ukiipiga flashi kutoka mbele, tumbawe hilohilo litaonekana kama ukuta uliopakwa chokaa.

Giza lililoko nyuma ya samaki wako linatoka hapo pia. Flashi inatawala kilicho karibu tu. Maji ya nyuma yanapata mwanga kutoka juani, na anayeyapangia kiasi ni shata. Flashi yenyewe haijali shata, kwa kuwa imekwisha kuwaka na kuzimika zamani. Kwa hiyo ukitaka buluu nyuma ya samaki, shusha shata hadi 1/80 au 1/60, yaani ikae wazi muda mrefu zaidi, fungua tundu hadi f/8, uelekeze kamera juu kidogo, kwenye maji yenye mwanga. Piga picha moja kwanza flashi ikiwa imezimwa. Ukiona buluu umeipenda, ndipo uwashe flashi na kupanga nguvu yake peke yake. Mpangilio huo, maji kwanza kisha flashi, utakuokolea dakika nyingi za hewa. Ukitaka giza, na giza nyuma ya kiumbe chenye rangi kali linapendeza sana, funga tundu, pandisha shata, na uhakikishe hakuna jiwe nyuma yake.

Samaki wenye magamba ya fedha huungua haraka kwenye picha, yaani hutoka weupe mtupu, punguza nguvu hadi moja ya nane. Vivyo hivyo matumbawe yaliyopauka. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki, na tangu hapo joto limerudi zaidi ya mara moja. Ukikuta tumbawe jeupe kama mfupa usilipite, lipige picha, lakini kwa flashi ndogo, ili weupe ule uwe na umbo na usigeuke doa lisilo na kitu.

Mafia ina jambo lake pia. Mwezi wa kumi na moja utakuwa ndani ya msimu wa papa potwe, yule mkubwa kuliko samaki wote duniani. Anakuja kwa sababu maji yamejaa vijidudu anavyokula, na vijidudu hivyo ndivyo adui zako. Kwake usitumie flashi kabisa. Ni mkubwa mno kwa mwanga wako, maji yana chembe nyingi, na waongozaji huwa hawaruhusu kumpiga flashi, nao wana haki. Yuko juu karibu na uso wa maji, jua linamtosha.

Sasa dola zako 300. Kwanza mkono wa flashi wenye viungo viwili, na vibano vyake imara. Bila huo, kila nililoandika kuhusu kuipeleka flashi pembeni litabaki maneno. Pili, tochi ndogo ya kulengea. Tatu, ikibaki pesa, flashi ya pili ya mtumba ya aina ileile, ukiwa na hakika sehemu ya betri haina kutu ya kijani. Flashi mbili zitakufungulia njia ya picha pana za bustani ya matumbawe, moja kila upande, zimerudishwa nyuma ya mstari wa vishikio na kugeuzwa nje kidogo, kama ile tochi ya jaribio la maziwa. Na upige kwa faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, mizani ya rangi ukiiacha kwenye mwanga wa mchana, kwa kuwa ndiyo rangi ya flashi yako.

Kasha lako litazame vizuri zaidi ya lenzi. Huku kwetu vumbi la lava linaingia kila mahali, ni jeusi, na mpira wa kuzuia maji ni mweusi. Nilipoteza kamera nzima kwa punje moja iliyolala juu ya mpira ule, punje ambayo ningeiona kama ningeuvuta mpira katikati ya vidole viwili polepole, mbele ya dirisha. Sasa nafanya hivyo kila mara, kisha nalishusha kasha tupu ndani ya beseni dakika kumi kabla halijapokea kamera.

Kuhusu viumbe wenyewe, umeniuliza mwishoni mwa barua kama flashi inawapofusha. Utafiti uliochapishwa 2019 katika jarida la Scientific Reports uliwaangalia samaki wa sakafuni, wakiwemo farasi wa baharini, na ukaona kuwa kinachowasumbua zaidi ni kuguswa na kusukumwa na wapiga picha, kuliko flashi, na macho yao hayakuonekana kudhurika. Hiyo haikupi ruhusa ya kummiminia samaki mmoja picha 40. Mimi napiga nne au tano, naondoka. Usiku utamkuta pono amelala, pengine ndani ya utando wa ute alioutengeneza mwenyewe. Mwache, usimkazie tochi, maana kuna samaki wawindaji wanaojifunza kufuata mwanga wa wazamiaji na kumla aliyeangaziwa. Na zaidi ya yote, magoti yako. Kuna matumbawe yanayokua milimita chache tu kwa mwaka, na goti la mzamiaji mgeni anayetazama kioo cha kamera linavunja miaka 20 bila yeye kuhisi. Kwa hiyo nakuomba, wakati wa kozi yako iache kamera chumbani. Ibebe tu siku utakayoweza kuelea mahali pamoja dakika tatu bila kupiga mikono.

Ukimaliza kuzamia Mafia, hesabu saa 18 kabla ya kupanda ndege. Na ukirudi na cheti chako ukataka kuzamia Kivu kwa chupa, usitumie jedwali la baharini la muda wa kukaa chini: ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mwili unaruhusiwa muda mfupi zaidi chini. Ukija upande wa Goma, usibadilishie nguo kwenye mabonde madogo ya kando ya maji. Mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotuama humo na kuua, hayaonekani wala hayanuki.

Kabla ya safari, rudi Nguba na lenzi ya makro. Tafuta jiwe moja tu, mita mbili chini, lenye konokono au mwani. Lipige picha flashi ikiwa kama mkono wa saa kwenye kumi, kisha kwenye tisa, kisha kwenye mbili, kutoka sentimita 30, kisha igeuze nje urudie zote. Niletee faili za RAW bila kufuta hata moja. Zile zilizojaa nukta nazitaka zaidi, maana nitaangalia nukta ziko upande gani nikuambie flashi yako ilisimama wapi.